Asilimia Kumi

Saa nne usiku nimeandika: themanini na nne.
Nimezima kila kitu, taa ya ukumbini, redio,
friji nimeichomoa kwa mkono wangu mwenyewe
hadi ukutani yakabaki matundu matatu
yakinitazama kama uso wa mtoto aliyenyimwa.

Saa kumi na mbili asubuhi: sabini na nne.

Kumi zimekwenda wapi?

Daftari hili lilikuwa la Avutia, la hesabu.
Mbele kuna sehemu na desimali,
nyuma kuna betri yangu:
Jumatatu kumi, Jumanne kumi,
Jumatano kumi na moja, usiku ule mvua ilipoipiga Awindiri yote
nikaamka kuwasha taa, nikinge ndoo.
Mwizi asiye na haraka.
Hachukui nyingi. Hakosi hata siku.

Nikamtazama Avutia.
Ana miaka kumi na sita, ana simu,
ana rafiki wanne wenye simu.
Nilimuuliza mara ya kwanza kwa upole
na mara ya pili si kwa upole.
Hakujibu. Enyasa ikapoa mbele yake,
nami nikakiandika kimya chake
kama asilimia.

Munduru fundi alikuja Alhamisi kwa pikipiki yake,
ngazi imefungwa ubavuni.
Hakuuliza nani analala wapi.
Akaubana waya mnene kwa koleo la kupimia, akasoma:
wati sitini.
Za nani, na kila kitu kimezimwa?
Akaigonga inveta begani, kama askari wa zamu:
"Za huyu. Kukesha nako kuna chakula chake.
Usiku kucha yuko macho, anangoja uguse swichi.
Betri yako ni elfu tano. Sitini kwa saa nane.
Piga hesabu."

Nilipiga. Sikupenda jibu.

Nikamweleza na lile la Jumamosi:
saa saba mchana, jua tele, betri imejaa pomoni,
mashine ikalia mlio mmoja mrefu, nyumba ikafa.
"Ulikuwa unafanya nini?"
Nilikuwa napiga pasi sare za shule: elfu moja na mia mbili.
Friji ikazinduka: mia tisa, kufumba na kufumbua.
Na Avutia, nje, akawasha pampu ya kisima.
"Pampu ikishazunguka ni mia saba na hamsini, mpole kabisa.
Ila kuanza kwake! Elfu nne na mia tano.
Umewahi kuinua gunia la muhogo kutoka chini?
Unaguna mara moja, kisha unatembea nalo."

Elfu sita na mia sita.
Na tumboni mwa mashine pameandikwa: elfu tatu,
na sita kwa pumzi moja tu.
"Umeme haukupungua, mama.
Iliombwa na wote kwa wakati mmoja."

Hilo nalijua.
Nalijua kila Februari, karo na bati na msiba wa Ediofe
vikibisha asubuhi moja,
na Afeku yuko Juba, ametuma mashine
badala ya kuja mwenyewe.

Sasa pampu kwanza. Halafu friji.
Pasi ingoje, sare haina mota.

Munduru alinionyesha pia namna ya kuisinzisha usiku:
inalala, inafumbua jicho kila baada ya muda,
inasikiliza kama kuna anayehitaji.
Kweli, asubuhi ile zilikwenda tatu tu.
Lakini saa saba usiku nilimsikia Avutia
akibofya swichi, akibofya tena, akibofya.
Taa yake ya kusomea ni wati tano.
Ni ndogo mno; mashine iliyosinzia
haikumsikia.

Nikaenda gizani kwa kupapasa ukuta
nikairudisha macho. Ile kumi.

Leo: sabini na nne. Nimeandika.
Radhi sijaiomba bado kwa mdomo.
Enyasa yake nimeifunika, ina moto,
na daftari nimeliacha wazi mezani,
upande wa nyuma.