Daftari la Fundi Kihwele

Ukitaka habari za Komredi Gwenzi usiniulize mimi,
fungua daftari la baba, lile la jalada jeusi
linalonuka mafuta ya cherehani.

Sabini na moja, Juni. Kifua thelathini na tatu, kiuno ishirini na sita.
Pembeni, kwa penseli: anakohoa, hana sweta.
Alishuka Miomboni juu ya lori la kabichi
kutoka kambini huko Kilolo, ukungu ungali nyweleni,
akasimama apimwe, mikono kando,
akamweleza baba thamani ya ziada:
kwamba jasho la fundi huvaliwa na mwingine.
Baba, pini mdomoni, akamjibu,
"Basi ongeza shilingi mbili."
Wakacheka hadi pini zikadondoka.

Sabini na nne. Kifua thelathini na saba. Kamanda wa kikosi.
Suruali mia mbili, rangi ya majani makavu,
mifuko sita kila moja. "Ya risasi," alisema, "si ya pesa."
Tulishona usiku kucha, mama akipiga pasi ya mkaa,
mimi nikikata nyuzi kwa meno.
Malipo: mapinduzi yatalipa.
Baba aliandika hivyo hivyo, kwenye safu ya madeni.

Sabini na saba hakuna kifua wala kiuno.
Kuna mstari mmoja: mkono wa kushoto, ufungwe chini ya kiwiko.
Suruali ngapi kati ya zile zilivuka mto zikarudi,
hakusema. Alikunywa ulanzi vikombe viwili
akalala juu ya vipande vya vitambaa.

Themanini redio ilimtaja. Waziri.
Vipimo vikaanza kuja kwa barua, kwa mwandiko wa mtu mwingine:
arobaini na mbili, arobaini na sita,
suti ya jenerali, vifungo vya dhahabu,
bitana ya hariri, mifuko ya ndani minne.
Hapo penseli ya baba imeuliza neno moja:
minne?

Kisha kurasa tupu. Redio ikataja njama, ikataja wasaliti,
halafu ikaacha kutaja.

Tisini na tatu alishuka Makambako, treni ya usiku,
bila walinzi. Koti la jenerali limemning'inia
kama blanketi juu ya bua la mahindi.
"Lipunguze, fundi. Ng'oa vifungo, lifanane na la watu."
Baba alipima mara mbili. Thelathini na nne.
Ya suruali hakuna aliyeyataja.
Atalifuata Jumanne, limeandikwa daftari,
na ukurasa unaofuata ni sare za shule.

Jumanne ngapi zimepita? Baba mwenyewe tulishamzika Kihesa.
Koti lilikaa nyuma ya mlango
hadi Julai ya mwaka jana, baridi ilipokaza,
nikalishusha. Lilinitosha mabegani.
Mkono wa kushoto ilibidi niufumue:
uzi wa baba, mishono midogo, imebanana,
ulinichukua alasiri nzima.