Hesabu ya Juni

Nevenka anahesabu vifungo kwa kijiko cha sukari.
Kijiko kimoja, vifungo ishirini na viwili, vipungue vizidi;
mizani ya mumewe iliharibika kabla ya mumewe.

Punta Arenas, saa kumi na moja jioni,
giza limeshakaa kitako.
Upepo unausukuma mlango
kama mteja asiyejua kusoma kibao cha TUMEFUNGA.

Daftari linasema: uzi wa sufu, kijivu, madonge arobaini na moja.
Rafu inasema arobaini.
Anashuka ngazi, anapanda tena, anagusa kila donge kwa kidole,
anahesabu kwa Kikroeshia cha bibi yake,
maana namba za utotoni haziwahi kujifunza uongo.
Arobaini.

Kontena lake liko San Antonio, siku ya kumi na tisa,
limelaliwa na makontena ya watu wenye mawakili.
Wakala, kijana Iturra, humwambia kila akipiga simu:
"Wiki ijayo, mama."
Wiki ijayo ndiyo bidhaa pekee isiyomwishia kijana yule.
Humo ndani mna sindano namba nne,
na nusu ya mji imefuma sweta za mkono mmoja
inasubiri.

Tangu asubuhi kuna kifurushi kaunta, hajakifungua.
Kimerudi kutoka Porvenir, ng'ambo ya mlangobahari.
Kila Machi humpelekea Zunilda Oyarzo donge moja la kijivu,
na kila Juni Zunilda hulipa
kwa noti zilizokunjwa mara nne, zinazonuka moshi wa kuni.
Mali ya Zunilda hutoka kwanza,
huandikwa pesa zikifika.
Miaka kumi na sita hivyo.

Posta wamegonga muhuri: MPOKEAJI HAYUPO.
Chini yake mtu fulani, kwa penseli, amesahihisha:
Amefariki. Ilikuwa Aprili.

Basi ndilo hili, la arobaini na moja.
Akilirudisha rafuni hesabu inatimia,
anazima taa, anakwenda kula.

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari.
Hawakusema daftari lifanye nini
mali inaporudi na habari mkononi.
Safu ziko tatu: Vilivyoingia. Vilivyotoka. Vilivyoharibika.
Analipima donge la kijivu kiganjani, gramu mia moja;
lile la kooni
halina mizani dukani humu.

Anavuta droo, anatoa sindano zake mwenyewe, namba nne,
ambazo wiki nzima amewaapia wateja kwamba hazipo.
Anaanza mishono thelathini. Ya nini, hajui bado. Shingo, labda.
Kisha pembeni mwa daftari, nje ya safu zote, anaandika:
Kijivu, moja. Liko njiani.

Anarudi kwenye vifungo.
Alikuwa amefika kijiko cha ngapi?
Anamimina vyote mezani, anaanza upya.