Nakuachia Keekee Tatu

Mhoja, Jumatatu mashine ni yako.
Keekee zipo tatu, zimelala juu ya turubai nyuma ya karakana, Ipuli:
ya inchi sita, ya tisa,
na ile ya kumi na nane
ambayo bosi Kapufi aliinunua kwa macho.
"Kubwa ni kubwa," alisema, akalipa.
Hakuuliza mashine yetu ndogo
inasukuma oili kiasi gani kwa dakika.
Tuliifunga. Ikajizungusha kama mgonjwa anayegeuka kitandani,
ikagusa udongo,
ikakwama.
Nilizima, nikashuka. Sikusema neno.
Mshahara ulikuwa bado.

Kabla ya kuchagua, teremka kwenye kiti.
Piga kisigino chini.
Kichanga cha huku mjini, meno bapa yanatosha.
Ile mbuga nyeusi, njia ya Sikonge, ina tabia mbili:
masika inanata kama ugali kwenye mwiko,
zungusha kinyume, itikise, usitukane;
kiangazi imekuwa tofali.
Urambo utadanganyika. Juu laini, laini,
halafu mita moja chini, mawe mekundu kama kutu.
Hapo funga meno yale yenye ncha ya risasi,
na ncha ya katikati iwe mpya.
Ikitangulia iliyochoka, shimo linakwenda upogo,
na nguzo itakusema miaka ishirini.

Usikandamize.
Keekee inakula yenyewe, wewe unaishikia tu.
Shuka kidogo, pandisha, imwage udongo, shuka tena.
Na yeyote aliyefunga shuka kiunoni akae mbali.
Muulize Shija kwa nini.
Akitaka, atakuonyesha mkono.

Jioni hesabu meno kama mbuzi wanaoingia zizini.
Siku ya uzio wa zahanati, Kaliua, nilihesabu matano.
Asubuhi yalikuwa sita.
Nguzo zilikuwa zimeshasimama, thelathini na moja,
zege limemwagwa, muuguzi ameshatushukuru.
Mpaka leo nikipita pale natazama chini,
nashindwa kujua ni ipi iliyoniuma.

Futa vichwa vya mipira ya oili kabla ya kuchomeka;
punje moja ya mchanga ikiingia kwenye mota
utaijua kwa bei.
Sili ikilia jasho, usiseme ni umande.
Grisi piga mpaka ile ya zamani, nyeusi, itoke yenyewe.

Baba yangu alichimba nguzo za simu kando ya reli,
kutoka hapa hadi Usinge,
kwa mtalimbo na kopo la samli.
Mtalimbo unavunja, kopo linachota,
bega limelala ardhini, shavu kwenye majani,
mkono wote ndani ya shimo kama anamsaidia ng'ombe kuzaa.
Matatu kwa siku. Manne, kukiwa na mvua.
Mimi nafika arobaini, nimekaa.
Viwiko vyake vilikuja kulia usiku,
krik, krik,
na hakukuwa na mahali pa kupigia grisi.

Kopo lile lipo chini ya kiti cha mashine.
Ndani nimeweka pini za akiba, boliti mbili,
na meno manne mapya.
Lina kutu mdomoni.
Usilitupe.