Uzi Uliochomoka

Mfuniko wa tangi ulipasuka Jumanne.
Fundi Chengo akazama mpaka pajani,
akatoka na viatu vilivyojaa maji, na matusi.
Nikakileta kipande karakanani, Muyeye,
nikakilaza mezani chini ya taa.

Mbodze akakitupia jicho: resini mbovu.
Hapana, nikasema. Tazama nyuzi.
Zimesimama ukingoni kama meno ya mswaki,
ndefu, safi, zinang'aa,
hazina hata chembe ya gundi.
Katani haikukatika. Ilichomoka.
Na pale ilipokuwa, resini ina vitundu
laini ndani, kama ala iliyochomolewa kisu.

Miezi minane wamekaa nyumba moja
bila kushikana mkono.

Mkonge huvaa nta tangu shambani.
Nta hiyo hiyo inayoukinga na ukame
ndiyo inayoikataa gundi.
Tukapima soda kali, sehemu sita kwa mia.
Mbodze alitaka kumi. Nikamwambia,
ukizidisha huvui nguo tena, unachuna ngozi,
kisha unakula nyama,
na uzi unakatika kwa kutazamwa.

Kwa muda wa saa nne maji yaligeuka chai kavu.
Tukasuuza kwa maji ya Baricho,
mekundu kidogo kwa mvua za huko juu,
tukatia siki kijiko kwa kijiko
mpaka katani ikaacha kuteleza vidoleni.

Glavu yangu ya kushoto ilikuwa na tundu.
Nilijua usiku:
shuka ilinasa kwenye vidole, ikagoma kuachia.

Kibao kipya tulikilaza juu ya matofali mawili,
tukakining'inizia ndoo, tukajaza mchanga.
Ndoo tatu. Cha zamani kilifia hapa.
Ndoo tano, kimya.
Ya saba, Mbodze akaanza kuhesabu kwa Kigiriama.
Kisha mlio, mkavu, mfupi,
kama mfupa wa kuku.

Tukauinamia ufa kama watu walioangusha sarafu.
Nyuzi fupi. Ncha zimechanika,
kila moja imebeba unga wa resini,
na resini imebaki na manyoya yake.
Zimekatika! Hata moja haikuchomoka!

Mbodze akapiga kigelegele.
Jirani wa cherehani akachungulia dirishani
kuuliza nani kaolewa.
Hakuna, tukamwambia. Kibao kimevunjika.

Akatutazama. Akakitazama kibao.
Akarudi kwenye cherehani yake.