Kifimbo cha Bibi Surjit

Daktari wa Ludhiana alitamka "seliaki" kwa sauti ya chini,
kana kwamba ngano ilikuwa mlangoni ikisikiliza.
Tukarudi Moga kimya. Nje ya dirisha la basi
mashamba yalikuwa manjano hadi upeoni, na yetu yakiwamo.

Jumatatu nilianza na rafu ya juu.
Nikafuta. Nikafuta tena. Vumbi la unga
lina ukaidi wa mgeni aliyezoea nyumba:
unamtoa kwa mlango, kumbe yumo kwenye chumvi,
yumo kwenye mifereji ya kifuniko cha achari.

Chekeche jipya. Mwiko mpya, mpini nimeufunga utepe mwekundu.
Kikaango cha chuma nilikisugua hadi kucha zikauma,
kisha nikampa jirani.

Kikabaki kifimbo cha kusukumia chapati,
mti wa shishamu, umri sawa na ndoa ya Bibi Surjit.
Mti hunywa unga, nilimwambia, hausafishiki.
Hakunijibu. Alikivingirisha kwenye mtandio wa harusi
akakipandisha kabatini, chini ya picha ya marehemu.

Jioni akakanda unga wa mahindi kwa maji moto.
Zamani ulikuwa wa baridi tu, na majani ya haradali.
Haushikani, huu; hauna utii.
Akaupiga kwa viganja, polepole,
kingo zikapasuka kama udongo wa Juni.

Jasnoor, miaka saba, akala yote,
akauliza kama Baba ataendelea kulima ngano.

"Atalima," Bibi akasema. "Ila atanawia uani."