Wekundu Upi

Pijo la marehemu Lubango limefika Nyakato
likivutwa kwa kamba, viti vimepauka
kama ulimi wa mgonjwa.
Nkwimba, bintiye, anasema, "Vilikuwa vyekundu."

Wekundu upi, dada?
Wa nyanya? Wa tofali la kuchoma?
Wa damu ya sangara iliyokaukia ubaoni Kirumba?
Anafumba macho. Hajui.
Anakumbuka tu vilivyomchoma mapaja saa saba mchana.

Nikang'oa kiti cha nyuma. Chini yake
senti kumi, kiberiti, tiketi ya kivuko cha Kamanga,
na ukanda wa ngozi, upana wa vidole viwili,
ambao jua halijauona tangu kiwandani.

Nikachanganya: nyekundu, kahawia kiasi,
nyeusi tone moja. La pili huharibu.
Ndani ya gereji zilifanana, Kulwa na Doto;
nikatoka nje, mwanga wa ziwa ukanisuta.
Nikamwaga, nikaanza upya.
Mara saba. Kucha zangu
zikawa za bibi harusi.

Jumamosi Nkwimba akaja, akaketi, akapapasa.
"Ndiyo yenyewe," akasema. Kisha, polepole:
"Lakini si ya baba."
Ya baba, kumbe, ni ile iliyochujuka
pale kiwiko chake kilipoegemea mlango,
Usagara hadi mjini, miaka ishirini na kitu.

Mlango wa dereva sikuupaka.
Wateja wengine huniuliza
kama rangi iliniishia.
Nawajibu ndiyo.