Chetezo Chini ya Boneti

Pafukapo moshi pana moto, husema watu.
Mimi husema: ngoja, tuulize rangi kwanza.
Mweusi, gari linakula kuliko linavyofanya kazi.
Mweupe usiokoma, maji yamepita pasipo pao.
Wa buluu, oili inaungua,
na mwenye gari atanuna nikimtajia bei.

Ter Ghevond alikuja na wa buluu,
Jumanne, theluji ya Gyumri imefika vifundoni,
na Lada yake ya mwaka themanini na nne, rangi ya haradali,
ikiunguruma mlangoni pa kontena langu
kama inayokanyagwa mafuta na mguu usioonekana.
"Arpenik, sijaigusa," alisema, mikono juu.

Makaburini ndiko ilikomwaibisha.
Hathubutu kuizima, kwa baridi ile haiwaki tena,
basi huiacha nje ya ukuta, yeye ndani akisoma.
Siku ya kumzika Smbat mshona viatu
mjane alisema mbele ya jeneza:
"Baba, leo gari limemwombea kukuzidi."

Nikafungua boneti.
Kebo ya mafuta, inarudi vizuri.
Choki, wazi.
Skrubu ya sailensa, shemeji yake alikwisha kuizungusha
mpaka ikagoma, na mizunguko bado elfu mbili,
haishuki hata kwa dua.
Basi hewa inaingia mahali, hewa ya wizi,
isiyobisha hodi kwa kabureta,
na injini, masikini, inadhani imeambiwa ikimbie.

Hewa ya wizi hupiga mluzi mwembamba.
Sikio langu la kushoto lilikufa kwa grenda,
la kulia husikia linachotaka.
Nikatia kipande cha mpira sikioni, nikapeleleza kona kwa kona,
nikasikia moyo wangu tu.

Padri akaenda kiti cha nyuma
akarudi na chetezo, minyororo ikilia,
makaa ya maziko ya asubuhi bado yana uhai.
"Moshi huenda unakovutwa," alisema.
Makaa na petroli chini ya boneti moja!
Nimefukuza vijana kazi kwa sigara, sigara tu.
Nikavuta ndoo ya mchanga karibu na goti,
nikamwambia: mbali na kabureta, Baba, na polepole,
hapa huombi, hapa unatafuta.

Ubani ukapanda, mweupe, mvivu,
ukazunguka juu ya betri, ukaipuuza distribyuta,
kisha ukapinda shingo
kama mtu aliyeitwa jina,
ukazama nyuma ya mpira wa busta ya breki,
kwenye kiwiko, ufa usiozidi ukucha.

Nikaweka dole gumba.
Injini ikashuka. Ikashuka, ikakaa,
nikasikia theluji ikidondoka batini.

"Basi na ule wa buluu umekwisha?"
Alitamani kosa moja, msamaha mmoja.
Hapana, Baba. Maradhi ni mawili, mwili ndio mmoja.
Sili za valvu zimekauka kama maganda ya kitunguu;
usiku, gari limelala, oili hudondoka tone kwa tone,
na alfajiri ukiwasha unachoma kilichovuja usingizini.
Kufungua kichwa cha injini ni pesa ya kiangazi.
Kwa sasa beba lita moja kwenye buti,
na kijiti cha oili ukitazame kila Jumamosi
kama unavyolitazama daftari la sadaka.

Alilipia mpira mpya. Ufundi alitaka kuulipa kwa baraka;
nikamwambia baraka ninazo, grisi ndiyo imeniishia.

Alipoondoka, bomba la moshi lilinukia ubani
hadi darajani.

Sasa makaburini kimya.
Pumzi moja ya buluu langoni, kisha hakuna.
Watu wanamsikia Ter Ghevond neno kwa neno, noti kwa noti,
na mjane wa Smbat amepita kuniuliza, kwa upole,
kama ule mpira wa zamani nimekwisha kuutupa.